Waya wa Marehemu Mbonde

Ukiiacha barabara kuu ya Kilwa pale Kibiti, ukapinda kwenye kichochoro cha wauza mikeka, utalikuta benchi la watu wasioshindwa na jambo. Miguu yake ni boriti za mikoko zilizoletwa kutoka Nyamisati kwa kazi nyingine kabisa, na upande mmoja limeegemezwa kwenye rimu ya lori. Hapo mikorosho inayonyauka hupewa dawa, mafuriko ya Rufiji hupangiwa njia, ndoa za watu hufungwa na kuvunjwa, na ushauri wote huo hutolewa bure na wanaume ambao mabati ya nyumbani kwao yanavuja tangu masika. Nasibu hupita na buli lake la kahawa, akigonga vikombe, akisikiliza kila kitu na kuamini robo. Benchi lina sheria moja tu: ukiomba msaada utasaidiwa, na ukishasaidiwa, huruhusiwi kufumua kazi ya mtu. Kumfumulia mwenzio kazi yake hadharani ni kumvua nguo. Ndiyo maana hakuna kitu kilichotengenezwa pale kikapona, lakini wenye vitu hivyo wanasalimiana vizuri sana.

Siku hiyo mgonjwa alikuwa Pijo la Fikirini, pikapu la zamani ambalo rangi yake ya kwanza hakuna anayeikumbuka, na nyuma limeandikwa TUTAFIKA TU. Injini ilikuwa nzima. Ubaya wa gari ulikuwa mmoja: gizani, ukikanyaga breki, taa zilififia kama kibatari kinachoishiwa mafuta. Fikirini alikuwa ameishi na taa hizo miaka mingi na angeendelea kuishi nazo, ila siku hiyo alikuwa na safari isiyo ya mchezo. Zawadi, binti yake wa kwanza aliyeolewa Mafia, alikuwa anavuka kuja kujifungulia kwa mama yake. Mimba ya kwanza, na tumbo limeshashuka. Boti ingefika Nyamisati alasiri maji yakijaa, na kwa njia ile ya Bungu yenye mashimo, giza lingewakuta njiani. Mkwe alitaka kukodi Noah. Fikirini alikataa kwa simu, kwa sauti iliyosikika kichochoro kizima: binti yake hapandi gari la kukodi na baba yake ana gari. Kisha akafanya kosa la kuwatajia watu wa benchi habari za taa.

— Taa si ugonjwa, ni dalili, alisema Mtoro, kichwa chake kikiwa ndani ya boneti. — Ugonjwa ni chaji.

Mtoro wanamwita Injinia kwa sababu zamani, huko delta, aliwahi kufungua mashine ya boti iliyozimika katikati ya mto, nayo ikawaka. Kwamba boti hiyo ilizama siku chache baadaye, yeye husema hayo ni mambo ya mbao, hayamhusu. Tangu asubuhi alikuwa ameling'oa dainamo la kuchaji betri lililokuja na gari, akafunga mahali pake oltaneta kubwa ya lori, akaikaza kwa bolti na vipande vya mpira wa baiskeli.

— Dainamo lile lilikuwa linatoa moto wa kukohoa, alisema. — Hii itatoa moto wa kijana.

— Freshi, mzee baba, ila moto wa kijana unataka njia pana, alisema Faraji. Faraji anauza sola, na pale benchini jina lake ni Sola. Alikuwa amekuja na waya mnene mweusi uliobaki kwenye kazi ya paa la mtu. — Huu hapa. Unatoka kwenye oltaneta, unatia fyuzi, unaingia kwenye betri. Hauzunguki popote.

— Basi fanyeni hivyo, alisema Fikirini. — Boti hainisubiri mie.

— Haraka ya nini, bwana? Tunapitisha sasa hivi, alisema Mtoro. Akasita. — Ila waya wa chaji wa gari hili una kiungo.

Wote walikijua. Waya wa zamani, mwembamba kama kamba ya kiatu, ulitoka kwa dainamo ukaingia ndani hadi kwenye mita ya chaji ya dashibodi, ndipo ukarudi mbele kwenye betri. Katikati ya safari hiyo, umefungwa kwa mpira na uzi mwekundu, kulikuwa na kiungo alichokifunga Mbonde, mwenzao wa benchi, aliyefariki baada ya Ramadhani.

— Hicho ni kiungo cha Mbonde, Mungu amrehemu, alisema Mtoro.

— Amrehemu, walijibu wote.

— Sasa waya mpya ukienda moja kwa moja, alisema Mtoro, — kiungo cha Mbonde kinabaki hakina kazi.

— Kwani kinalia njaa? aliuliza Fikirini.

— Weye Fikirini! alisema Mtoro. — Mtu kakufungia waya kwa mikono yake, mvua inamnyeshea, hakutaka hata soda. Leo udongo wa kaburi haujakauka sawasawa, unataka kumstaafisha?

Fikirini aliona haya. Mbonde alikuwa rafiki yake kweli, na siku ile ya mvua alilala chali kwenye tope chini ya gari akicheka. Ila haya hiyo haikumwondolea picha ya Zawadi kakaa juu ya begi pale gatini, akitazama barabara.

— Aulizwe mjane, alisema Mwalimu Agapiti. Yeye ni mtu wa Songea, anafundisha jiografia sekondari, na gari lake dogo safi huliegesha pale pale kwenye kivuli cha kibanda cha mikeka, aweze kulitazama anapokunywa kahawa. — Huko kwetu kitu cha marehemu huulizwa wenyewe.

— Hata huku, Mwalimu, alisema Mtoro. — Umesema neno. Shemeji Mashavu apigiwe.

Walipiga. Mashavu alikuwa Dimani kwenye arobaini ya shangazi yake, na simu haikushika mtandao. Wakakubaliana wamsubiri apatikane, na kwa kuwa kusubiri kunakausha koo, Nasibu akaitwa. Kahawa ilinyweka, kashata zikatafunwa, Dimani haikupatikana. Simu ya Fikirini ndiyo iliyoita.

— Umefika wapi? aliuliza Mwanajuma, mkewe.

— Niko Bungu, alijibu Fikirini, akiwa amesimama na mgongo wake umegusa benchi.

Nasibu akagonga vikombe.

— Huko Bungu nako wana Nasibu wao? aliuliza Mwanajuma.

— Wauza kahawa wako kila mahali, mama Zawadi. Hebu ngoja, mtandao unakata.

Akaukata yeye mwenyewe. Alipogeuka, Mtoro alikuwa amepata njia ya kati na anapanguza mikono kwa raha.

— Sikiliza hekima, alisema Mtoro. — Waya mnene wa Sola utatoka kwenye oltaneta hadi kwenye kiungo cha Mbonde. Kuanzia kwa Mbonde, waya mwembamba unaendelea kwenye mita mpaka betri kama ulivyokuwa. Moto umeongezeka, na heshima imebaki.

— Hapo umeupiga mwingi, alisema Faraji.

— Na fyuzi? aliuliza Fikirini.

— Fyuzi ni ya mtu mwenye wasiwasi, alisema Mtoro.

Fikirini alitazama ndani ya boneti. Waya mnene ulikuwa kama barabara ya lami inayoishia kwenye njia ya mbuzi, hata yeye aliona. Alifungua mdomo aseme, akakumbuka mazishi ya Mbonde, akakumbuka sheria ya benchi, akaufunga. Wakaenda kuswali alasiri, Mwalimu akabaki analinda vifaa. Waliporudi, Mtoro akaunganisha, akaamuru gari liwashwe.

Pijo likawaka. Taa zikatoka nyeupe, kali, hata mchana ule zikaonekana kwenye ukuta wa kibanda. Watu wa mikeka wakasogea. Benchi zima likasimama.

— Kanyaga breki! alipiga kelele Mtoro.

Fikirini alikanyaga. Taa hazikutikisika.

— Unaona? Washa redio! Piga honi! Washa kila kitu, moto ni wako huo!

Fikirini aliwasha kila kitu. Kwa muda mfupi alifurahi kama mtoto wa sikukuu, akamwona Zawadi amekaa pembeni yake, njia nzima ya Bungu nyeupe mbele yao, na mkwe huko Mafia akisimuliwa. Halafu akasikia harufu ya mpira, na moshi ukatoka chini ya dashibodi ukampanda usoni. Mshale wa mita ya chaji ulilala upande mmoja, haukuamka tena. Alizima, akaruka nje anakohoa.

— Chumvi, alisema Mtoro, kabla moshi haujaisha.

— Chumvi gani?

— Gari hili limebeba papa miaka yote. Chumvi imeingia ndani ya waya. Moto ukipita kwenye chumvi unachemka, uliza mpishi yeyote.

— Hapana, noma iko kwenye waya wangu, alisema Faraji, na watu wakashangaa kumsikia akikubali kosa. — Waya huu umezoea paani. Umezoea moto wa jua, moto mpole. Mmeuingiza kwenye moto wa injini ghafla, ukapata mshtuko. Tulitakiwa tuuanike kwanza karibu na injini, uzoee.

— Ndugu zangu, tutazame mazingira, alisema Mwalimu Agapiti, akaweka kikombe chini kama anayeanza kipindi. — Huko juu kuna bwawa, linazalisha umeme. Maji yaleyale yanashuka kwetu. Bonde lote hili sasa hewa yake ina umeme ndani. Betri inavuta hewani, oltaneta nayo inaongeza. Lazima uzidi.

— Ndiyo maana kuku wangu wanataga usiku, alisema Nasibu.

— Bwawa ni la juzi, alisema Mtoro, ambaye hakupenda kushindwa na mtu wa bara kwenye mto wake. — Chanzo ni daraja. Enzi za kivuko pale Ndundu, gari linafika, linazimwa, linasubiri zamu, nyaya zinapoa. Daraja limekuja, hakuna gari linalopumzika tena. Magari yote ya njia hii yana nyaya zilizochoka.

— Lakini Pijo langu halijavuka Ndundu tangu mwaka juzi, alisema Fikirini.

— Si unaliegesha karibu na yanayovuka? Basi.

Fikirini aliliacha hilo. Akauliza lililokuwa moyoni.

— Kwa hiyo kiungo kimeungua?

— Kiungo? Mtoro aliinama, akatoka na uso wa mtu aliyeona muujiza. — Hata! Waya mwembamba wote umeyeyuka, kiungo cha Mbonde kiko vilevile. Yule alikuwa fundi.

— Mungu amrehemu.

— Amrehemu.

Sasa betri nayo ilikuwa imekwisha, maana redio, honi na majaribio ya asubuhi viliinyonya yote. Mwalimu Agapiti alilisogeza gari lake wakatazamana boneti kwa boneti, nyaya za kuazimia moto zikaunganishwa, na gari la Mwalimu likaachwa linaunguruma. Mtoro akazitengea taa za Pijo waya wake peke yake kutoka kwenye betri. Zikawaka tena. Watu wakapiga makofi, ingawa moto ulikuwa wa Mwalimu.

Kivuli cha kibanda kilikuwa kimeshavuka kichochoro. Boti ilikuwa imeshafika, hilo hakuna aliyehitaji kuambiwa. Fikirini alimpigia Zawadi, simu haikupatikana. Akapiga tena, ikawa vilevile. Aliogopa, kwa kweli aliogopa, na hofu ikamfanya asimame wima zaidi na kutoa amri.

— Mzee Fikirini, alisema Mwalimu kwa sauti ya chini, — mimi naona, kwa kuwa gari langu hapa...

— Lizidishe resi kidogo, Mwalimu, Fikirini alimkatiza. — Betri inapokea vizuri.

Alijua alichotaka kusema Mwalimu. Alikijua tangu betri ilipokufa, na alikuwa akikikwepa kama mtu anayekwepa mwenye nyumba. Akikubali, kesho benchi litakuwa na hadithi: binti wa Fikirini kachukuliwa na gari la mwalimu wa bara, na baba kaketi kiti cha abiria. Mkwe angeipata habari kabla boti haijarudi Mafia. Mwalimu, mtu mstaarabu, alidhani hiyo ndiyo adabu ya watu wa pwani. Akazidisha resi.

Simu ikaita.

— Zawadi nampigia simpati, alisema Mwanajuma. — Uko naye?

Mtu akibanwa, mdomo hutangulia.

— Ninaye. Amelala.

— Amelala? Ndani ya Pijo? Kwa njia ile?

— Kachoka na boti. Mjamzito haamshwi, Mwanajuma, weye mwenyewe unajua.

— Haya. Basi endesha taratibu, baba Zawadi.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomchoma. Aliirudisha simu mfukoni, akakaa benchini, akaomba kahawa. Nasibu alimjazia.

— Mashavu kapatikana! alipiga kelele Faraji. — Yuko hewani!

Wote wakainamia simu. Mashavu, kutoka Dimani, alisikiliza habari ndefu ya waya, oltaneta na heshima ya marehemu. Kisha sauti yake ikasikika kwa kila mtu.

— Kiungo gani? Yule bwana hata swichi ya chumbani aliogopa kuigusa. Kateni, tupeni, niacheni nipakue pilau.

Simu ikakatwa.

— Msiba unamchanganya, alisema Mtoro. — Tumwache apoe, tumuulize kesho.

Wakati wanalijadili hilo, giza likianza kuingia, toyo ya matairi matatu iliingia kichochoroni, imejaa masanduku ya kamba wabichi wa baharini, maji ya barafu yakivuja nyuma kama mkojo wa ng'ombe. Kati ya masanduku, juu ya begi lake, mikono yote miwili imeshika vyuma, alikaa mwanamke mwenye kanga kichwani na vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Dereva alisimama na kumshusha kwa uangalifu, maana tumbo lilikuwa kubwa.

— Shikamooni, alisema Zawadi.

— Marahaba, walijibu, kila mmoja akitafuta pa kutazama.

Fikirini aliweka kikombe chini.

— Marahaba, mwanangu. Umefikaje?

— Kwa kushikilia, baba. Simu ilikwisha chaji. Nilikungoja mpaka gati likabaki na mie na paka. Huyu kaka wa kamba ndiye aliyenionea huruma.

Simu ikaita mfukoni mwa Fikirini. Aliiacha iite. Zawadi alinyoosha mkono.

— Ni mama? Nipe.

Angemnyima vipi? Akampa.

— Mama, mie. Ndiyo, nimeshafika Kibiti... Kulala? Nani alikuwa amelala?

Alisikiliza, macho yake yamemkazia baba yake.

— Haya, mama. Nakuja.

Akairudisha simu kwa mikono miwili, kwa heshima ileile aliyofundishwa tangu utotoni. Fikirini alitamani angeitupa chini.

— Mwanetu, usimlaumu baba yako, aliwahi Mtoro. — Hili jambo ni la kitaalamu. Gari lilikuwa na moto mdogo, tukalipa mkubwa. Sasa waya, kwa sababu ya chumvi...

— Na mshtuko, alisema Faraji.

— Na hali ya hewa ya bonde, alisema Mwalimu, lakini kwa sauti ya chini.

— ... waya ukakataa. Lakini baba yako hajakaa bure. Tangu asubuhi tuko hapa. Kila linalowezekana kufanywa ili ufuatwe, limefanywa.

Zawadi alisikiliza yote, mkono mmoja kiunoni. Aliitazama oltaneta ya lori na vipande vya mpira, akautazama waya ulioyeyuka, akatazama taa za Pijo zinavyowaka. Kisha akazifuata kwa macho zile nyaya mbili zilizotoka kwenye betri, mpaka kwenye gari dogo safi lililosimama mbele yake, linaunguruma vizuri.

— Nimeelewa, baba Mtoro, alisema. — Na hili linalounguruma ni la nani?

Mtoro alirudisha kichwa ndani ya boneti. Faraji aligundua jambo kwenye simu yake. Mwalimu Agapiti alimtazama Fikirini. Nasibu aliinamisha buli juu ya kikombe, likatoa machicha.

— Kahawa imekwisha, alisema, ingawa hakuna aliyeomba.

Mwalimu aliingiza mkono dirishani, akazima gari lake. Taa za Pijo zikazimika pamoja nalo.

Fikirini aliinuka. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu aoe, na hakujaribu kuificha. Alilishusha begi la Zawadi kwenye toyo, akalitia begani, ili binti yake apate nafasi ya kukaa vizuri. Nafasi ya mtu mwingine haikuwepo. Dereva akampandisha Zawadi tena, toyo ikaondoka polepole kwa ajili ya tumbo, na yeye akaifuata nyuma kwa miguu, maji ya kamba yakimlowesha viatu. Kabla hajafika kona alimsikia Mtoro, kule nyuma, sauti yake imeshamrudia.

— Ila kiungo mmekiona lakini? Kiko vilevile.